Umeona, au Umedhani?

Mimi ni mtu wa mezani. Kalamu ya bluu, kalamu nyekundu,
saa iliyopasuka kioo, na mshale wa mbao
nilioupaka rangi mwenyewe, unaosema zamu ni ya nani.
Miaka kumi na tisa kwenye uwanja huu wa Makole
nimeandika faulo za watoto, kisha faulo za watoto wao.
Waamuzi nawajua kama fundi viatu anavyojua miguu.

Mchukue Mnyagala. Filimbi yake ina kamba ya dhahabu.
Akiipuliza, mbwa wa Chang'ombe wanainua masikio.
Mkono unapaa, kiuno kinazunguka, vidole vinahesabu,
na jukwaa linampigia makofi kama bwana harusi.
Lakini yafuate macho yake: yanakwenda na mpira,
ukidunda yanadunda, ukipaa yanapaa.
Mpira una macho mia tatu juu yake, ndugu yangu.
La mia tatu na moja la nini?

Sechelela hautazami.
Anatazama kiwiko kilichojisahau chini ya ubao,
nyonga inayosukuma taratibu kama mtu anayeiba nafasi kwenye foleni,
kisigino kilichokanyaga mstari kikajifanya hakikukanyaga.
Jambo likitokea, ukigeuka, yupo. Alifika kabla ya jambo.
Nilimuuliza siku moja anajuaje. Akavua kiatu,
akakung'uta mchanga: "Nakimbia tu, mzee."

Filimbi yake nyeusi, ya plastiki, imetafunwa mdomoni.
Hupita nusu robo sijaisikia,
na vijana wanacheza.

Si kwamba hakosei. Jumamosi ile, robo ya pili,
alimpa Chilongani wa Nkuhungu faulo ya tatu,
akapiga hatua mbili, akasimama, akarudi mezani.
"Futa. Mkono ulikuwa wa mwenzake, namba saba."
Nikafuta. Kocha huyu akafoka, kocha yule akafoka zaidi.
Na kosa lile hakulilipa. Mnyagala angelilipa:
anawanyima hapa, anawafidia pale,
kama mwenye duka anayekurudishia chenji ya pipi.

Robo ya nne. Sekunde tisa. Nkuhungu nyuma kwa pointi moja.
Upepo wa Agosti ukaja na mji mzima mgongoni:
vumbi jekundu, makaratasi, majani makavu ya mizabibu.
Uwanja ukatoweka. Vikabaki viatu vikilia juu ya saruji,
"aah!" ya mtu, mwili ukianguka,
na filimbi. Ile ya kamba ya dhahabu.

Vumbi likatua. Chilongani chini, goti mkononi,
Mnyagala wima, vidole viwili hewani: mitupo miwili.
Makofi. Bwana harusi.
Sechelela akamwendea, hatua moja kutoka mezani kwangu,
kope zake nyekundu kama zangu, kama za kila mtu,
akauliza kwa sauti ya kuulizia bei ya nyanya:
"Umeona, au umedhani?"

Nikahesabu pumzi nne.
Na hapa lazima nimtendee haki Mnyagala:
mkono ulishuka.

Mpira alikuwa nao nani? Hakuna aliyejua.
"Mshale," akasema Sechelela, na mshale wangu
ulikuwa umewaelekea wenzao wa Miyuji.
Sekunde tisa zikaisha kama maji kwenye mchanga.

Walimtukana Nkuhungu, hilo nililitarajia.
Walimtukana na Miyuji, kwa kipimo kilekile:
walitaka ushindi usionuka vumbi.
Akafunga kamba za viatu, akaning'iniza mfuko
kwenye usukani wa baiskeli, akashika njia ya Kikuyu.

Karatasi ya siku ile ninayo mpaka leo.
Kwenye dakika ya mwisho pana nafasi nyeupe.
Chilongani alisukumwa, mimi naamini alisukumwa.
Nimeitazama karatasi juu hadi chini:
kuna safu ya namba, safu ya faulo, safu ya dakika.
Safu ya imani haimo.